Kamba ya Kwanza Ukutani

Karakana ilikuwa chumba kimoja chembamba, kimebanwa kati ya duka la saruji na kibanda cha mshonaji. Mchana kutwa vumbi la saruji liliingia kwa dirisha moja na ngurumo ya cherehani kwa jingine. Juu ya meza yenye jiliwa la kubania vyuma, ukutani, palikuwa na safu za misumari, na kila msumari umening'iniza kamba nyembamba ya katani yenye mafundo. Mgeni angedhani ni mitego ya ndege, au mambo ya kiganga. Kumbe walikuwa watu. Ile ndefu mno ni askari mmoja aliyekwisha kuhamishwa. Hii fupi, yenye mafundo yaliyokaribiana, ni muuza maziwa. Ile iliyoliwa na panya ncha ni mwalimu wa hesabu ambaye amezikwa, na baiskeli yake bado inatembea chini ya mwanawe, ambaye goti lake hugonga usukani kila akikata kona.

Ndiyo maana fundi huyu akaitwa Kipimo. Kazi iliyomlisha ni vitanda, mageti na nondo za madirisha, lakini kazi iliyompa jina ni baiskeli za watu ambao njia yao inaendelea baada ya lami kwisha. Mtu akija kutaka baiskeli hakuambiwa bei wala siku. Aliambiwa, "Vua viatu. Simama kama unavyosimama kila siku. Usivute tumbo, mimi si mpiga picha." Kisha kamba ilipita: kutoka kinena hadi sakafu, fundo. Kutoka bega hadi ngumi, fundo. Kutoka kiunoni hadi shingoni, fundo. Wengine walicheka wakitekenywa. Wengine, hasa wanaume wazima, walinyamaza ghafla, kama watu ambao hawajaguswa siku nyingi.

"Chuma kinakubali uongo," alikuwa akiwaambia. "Ukikikunja vibaya, kitakaa vibaya bila kulalamika. Mwili haukubali. Utakwenda nao kilomita mbili tu, utakusemea."

Maneno hayo aliyasema mara nyingi hata yakapoteza ladha kinywani. Siku hizi alikuwa amechoka. Macho yake, baada ya miaka ya cheche na moto wa kuchomelea, yalimwasha kila jioni kana kwamba kuna mchanga chini ya kope, na mikono ilikuwa na tabia ya kufa ganzi akiishika tupa muda mrefu. Watoto walikuwa wamekwenda zao, kila mmoja na mji wake na matatizo yake. Nyumbani walibaki wawili: yeye na mkewe.

Mkewe alikuwa fundi wa pampu za visima. Ofisi ya maji ilimwajiri akiwa msichana, wakati ambapo wanaume walikuja kumtazama akifungua pampu kana kwamba mbuzi anapanda ngazi. Sasa hakuna aliyemtazama. Walimwita Mama Pampu, wakampisha. Njia yake ilianzia pale lami inapokatika, ikapanda kilima kwa barabara ya changarawe, ikashuka kwenye mto mkavu wa mchanga, ikapita visima kimoja baada ya kimoja hadi kile cha mwisho, kisima cha shule. Huko kote alikwenda kwa baiskeli, nyuma amefunga spana kubwa, koleo la mabomba, mipira ya pampu na kopo la grisi. Baiskeli yenyewe Kipimo alikuwa amemuundia walipooana. Shingo ya baiskeli hiyo ilikuwa imepasuka akaichomelea, ikapasuka tena akaichomelea, na mwaka huu ufa ukaanzia mahali papya, kwenye chuma kizima. Fundi yeyote anajua maana yake. Ufa ukihamia kwenye chuma kizima, chuma kimekuaga.

Basi mkewe akawa anakwenda kwa miguu au kwa kuomba lifti ya malori ya mchanga, na visima vya mbali vikaanza kukawia. Mkuu mpya wa ofisi ya maji akamwita. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliouma.

"Alisemaje?" Kipimo alimuuliza jioni hiyo. Mkewe alikuwa ameketi kizingitini akivua buti, polepole, kama mtu anayemenya kitu kitakachomwagika.

"Alisema, 'Mama, hatukufukuzi, tunakupumzisha.' Wanataka kunipeleka stoo. Nihesabu mabomba. Njia watampa kijana mwenye pikipiki."

"Nawe ukasema?"

"Nikasema mume wangu ni fundi, mwisho wa mwezi nitakuwa na baiskeli." Akavua buti la pili. "Akasema sawa. Asubuhi ya mwisho wa mwezi atakuwa kisima cha shule na gari lake. Nikifika jua halijafika utosini, nimepita visima vyote, njia ni yangu. Nisipofika, ufunguo wa stoo unaningoja."

"Stoo kuna kivuli," Kipimo alisema, akijaribu neno la kufariji.

"Kaburini pia." Akasimama kwa kushika mwimo wa mlango. "Bwana wee, mle ndani mna taa moja na karani anayesikiliza redio siku nzima. Barabarani hakuna anayeniita jina. Nikifika kisimani nafungua pampu, maji yanatoka, wanawake wanapiga vigelegele, nafunga vyombo, naondoka. Nimekuwa nikiondoka maisha yangu yote. Sijui kukaa."

"Nitakuundia."

"Niundie basi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Alikula akisinzia. Kijiko kilibaki mkononi.

Kipimo alimtazama akafikiri: siku hizi tunapishana kama zamu mbili za kiwanda kimoja. Mmoja akitoka, mwenzake anaingia, na kitanda hakipoi.

Asubuhi alipanda juu ya stuli, akanyoosha mkono hadi msumari wa kwanza kabisa, upande wa mlango, akashusha kamba iliyogeuka rangi ya majani makavu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kamba ya kwanza kuning'inizwa ukutani hapo. Aliipima alipokuwa mchumba, tena kwa mikono iliyotetemeka, mbele ya shangazi wa binti aliyeketi kuhakikisha kwamba kamba inapita panapostahili tu. Mafundo yalikuwa yamekaza kama mawe. Aliipitisha vidoleni, akahisi kitu kilichokaribia furaha, na alikuwa amesahau kidogo furaha ikoje.

Vyuma vililetwa na mnunuzi wa chakavu, mtu mnene aliyeitwa Bwana Bati, ambaye hakuweza kuteremsha mzigo bila kutoa hotuba.

"Kipimo, leo nimekuletea harusi!" Alitupa chini fremu mbili zenye kutu: moja ya baiskeli ya mashindano, nyembamba kama mguu wa korongo, nyingine ya baiskeli ya milimani iliyopondwa na gari. "Bwana harusi na bibi harusi. Wewe ndiye kadhi, uwafungishe."

"Bibi harusi kavunjika mgongo."

"Mapenzi hayaangalii mgongo. Lakini nikuulize, rafiki yangu, kwa nini usimnunulie mama kitu kipya cha alumini? Vinang'aa dukani pale, ukivinyanyua unadhani umenyanyua kuku."

"Alumini ikivunjika njiani ni takataka," Kipimo alisema, akigonga mabomba kwa kisu, moja moja, kichwa kimeinama. "Chuma kikivunjika ni kazi tu. Hata huko kwenye kisima cha shule kuna mtu mwenye mashine ya kuchomelea." Bomba moja lililia kama kengele ndogo, sauti ikakaa hewani. Akatabasamu. "Unalisikia? Hili ni chuma cha watu wenye akili. Jembamba, jepesi, na halinung'uniki."

"Mimi nasikia njaa tu," alisema Bwana Bati, akaenda zake.

Kazi ilianza. Alikata mabomba mema ya fremu zote mbili, akatupa yaliyopondeka. Ncha ya kila bomba aliila kwa tupa hadi ikawa na mdomo kama wa samaki, ukae barabara juu ya bomba jingine bila mwanya wa kupitisha hata wembe. Uma wa mbele aliupanua ili upokee tairi pana, kwa sababu tairi nyembamba juu ya kokoto hurukaruka kama mtu aliyekanyaga makaa, na kwenye mchanga huzama. Usukani aliujaza mchanga mkavu, akaziba ncha, akaupasha moto ndipo akaukunja polepole, mchanga ule ukizuia bomba lisibonyee. Ukatoka umepanuka pande mbili na kushuka kidogo, ili mwendeshaji abadilishe mikono akichoka: kushika juu penye kilima, chini penye upepo. Kwenye miguu ya uma alichomelea vishikio, spana kubwa ikae kushoto na koleo kulia, uzito ushuke chini badala ya kuyumba nyuma. Keria aliitengeneza fupi na imara. Ndani ya pembe ya fremu, chini ya bomba la juu, akatundika kikopo cha grisi na mfuko wa mipira. Baiskeli ya kazi zote, alijiambia: ipande, ishuke, ibebe, na ikirudi mjini iende kwenye lami bila kuona haya.

Maungio aliyachomea kwa fimbo ya shaba, moto mdogo, kwa subira, kwani chuma chembamba hakitaki hasira. Na bomba la juu alilinyoosha sawasawa kutoka shingo hadi kitini, mahali hasa kamba ilipoagiza.

Siku moja mshonaji aliingia kuazima mafuta ya cherehani. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, shoga wa mkewe wa siku nyingi, na sindano hazikumtoka kifuani hata akienda msibani.

"Shemeji, hii ndiyo ya mwenzangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona ndefu hivyo? Ni baiskeli au ngazi?"

"Wewe shona nguo, shemeji. Nguo ikibana mtu anaacha kula. Hii haina mchezo."

Mshonaji aliizunguka fremu. Akaligusa bomba la juu kwa kiganja, usawa wa nyonga yake mwenyewe. "Umempima lini?"

Kipimo alicheka. Alionyesha kamba iliyolala juu ya meza. "Huyu? Huyu ndiye wa kwanza ukutani. Namjua hata nikiwa usingizini."

"Hasa ukiwa usingizini," alisema mshonaji. Akafungua kinywa kama anayetaka kuongeza, akafumba. Akachukua mafuta yake. "Haya, shemeji. Mungu akutie nguvu."

Baiskeli ilikwisha siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi. Aliipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la zahanati, akaisukuma hadi nyumbani. Mkewe alikuwa amerudi, amekwisha vaa gauni, uso bado umejaa vumbi. Aliitazama muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye maungio, akaiinua mbele, akaiinua nyuma, akajaribu spana kwenye kishikio chake.

"Imekaa," alisema. Na baadaye, "Imekaa vizuri sana."

"Panda basi."

"Nipande na gauni hili? Kesho, nikivaa suruali ya kazi."

"Kamba yako ile ile," alisema Kipimo, na hakuweza kuficha fahari yake. "Sikubadilisha hata fundo."

Mkewe alimtazama, na usoni mwake kitu kilipita ambacho Kipimo alikichukua kuwa ni machozi ya shukrani. "Nimeona," alisema. "Ahsante, mume wangu."

Kesho yake aliondoka alfajiri, mapema kuliko kawaida, naye Kipimo amelala. Jioni alirudi amechoka kuliko siku za miguu. "Inakwendaje?" "Inakwenda." Siku ya pili, "Vipi kilimani?" "Inapanda." Majibu mafupi, lakini wao walikuwa watu wa majibu mafupi siku hizi.

Siku ya tatu Kipimo aliona spana ndogo ya mkewe imesahauliwa dirishani. Geti alilokuwa akichomelea lilingoja rangi ikauke. Akatia spana mfukoni, akafunga karakana, akashika njia.

Alipofika mwisho wa lami, barabara ya changarawe ilianza, na pembeni mwake ukanda wa vumbi laini ambako waendesha baiskeli hupita kukwepa kokoto. Aliziona alama za tairi mara moja. Tairi zile alizichagua mwenyewe, zenye meno ya mraba. Akafurahi, akazifuata kama mtu anayesoma barua. Hatua chache mbele akapunguza mwendo.

Kando ya alama za tairi palikuwa na nyayo za buti.

Alifikiri, ameshuka kukaza kitu. Cheni, labda. Akaendelea. Nyayo nazo ziliendelea. Zilipita penye tambarare, ambako hata mtoto angepanda. Zilipita penye mteremko, ambako baiskeli ingekwenda yenyewe. Buti la kulia lilijichora zima, kisigino na kidole. La kushoto lilijichora nusu, na nyuma yake palikuwa na mkwaruzo, kama wa mtu anayeburuta gunia. Mkwaruzo, hatua, mkwaruzo, hatua, hadi kilimani, na kilimani penyewe, na upande wa pili.

Kipimo alisimama katikati ya barabara. Lori la mchanga lilimpigia honi, dereva akatoa kichwa. "Mzee! Umepoteza pete?" Akapisha, akaendelea.

Alimkuta kisima cha pili, amepiga magoti juu ya saruji, mikono imo ndani ya pampu. Baiskeli ya kijani iliegemea mti, safi, na siti yake haina hata alama ya kukaliwa. Wanawake wenye ndoo walimwamkia. Yeye alitoa spana mfukoni.

"Uliisahau hii."

"Wewe! Umekuja kwa miguu njia yote hiyo?"

"Na wewe je?" aliuliza.

Mkewe aliinama tena juu ya pampu. "Cheni inaruka kidogo," alisema. "Nitakwambia nyumbani. Sasa hivi nina mpira wa kubadilisha."

Cheni haikuwa inaruka. Kipimo alikuwa ameifunga mwenyewe. Alirudi mjini, jua limemkaa shingoni, na badala ya kuingia karakanani aliketi kwenye benchi la mshonaji, akashika tama.

"Shemeji," alisema, "mke wangu ana nini mguuni?"

Cherehani ilisimama. Mshonaji alichomoa sindano kifuani, akaichoma tena mahali pale pale.

"Ndio unauliza leo?"

"Ndio nauliza leo."

"Nyonga. Miaka sasa. Kuvuta yale mabomba toka ardhini, shemeji, si kuvuta kamba ya mbuzi." Alivuta kutoka chini ya meza suruali ya kitambaa kigumu cha buluu, ya kazi, iliyokuwa ikishonwa pindo. Akaikunja katikati, mguu juu ya mguu, akainyanyua. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. "Kila suruali anayoleta naikata hivi. Mwanzo upana wa kucha. Mwaka uliofuata kidole. Gauni nalo nalilegeza kushoto, pindo likae sawa watu wasione. Kiuno nimepunguza sijui mara ngapi. Akaniapisha. Akasema ofisini wakijua, hata hiyo stoo hawampi."

"Na mimi?"

"Wewe hakukutaja." Mshonaji aliilaza suruali. Akapunguza sauti. "Nilipoona lile bomba nilitaka kusema. Lakini uliishika kamba ile, shemeji, ungedhani umeshika mkono wake. Ningeanzia wapi?"

Mganga hajigangi, watu husema, na husema kwa kucheka. Kipimo aliingia karakanani mwake akakaa juu ya stuli. Alifikiri juu ya miili aliyokuwa ameipima, mamia ya watu wa mbali, kinena na bega na ngumi. Alijua kwamba muuza maziwa ana bega moja limeshuka. Alijua kwamba askari alikuwa na mguu bapa. Na kitandani mwake mwenyewe, kila usiku, umbali wa mkono mmoja, mwili mmoja ulikuwa unapinda kidogo kidogo kama fremu iliyobeba kupita kiasi, na yeye amegeukia ukuta, macho yakimwasha, akilala usingizi wa haki.

Mkewe alipofika karakanani jua lilikuwa bado na nguvu. Alikuwa amepita huko kwa sababu alijua mumewe amekwisha gundua. Aliegemeza baiskeli mlangoni.

"Vua viatu," alisema Kipimo.

"Nini?"

"Vua viatu. Simama kama unavyosimama kila siku."

"Bwana wee, usinifanyie vituko. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka. Simama."

Alisimama. Mara ya kwanza alijinyoosha, uzito wote mguu wa kulia, kama alivyozoea kusimama mbele ya watu. Kipimo alipiga goti, kamba mpya mkononi, akangoja. Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza kimya cha mtu anayesikiliza. Hatimaye mkewe alishusha pumzi na mwili ukashuka nayo, nyonga ikalala upande, bega moja likafuata, na pale mbele yake alisimama mwanamke ambaye hakuwa amemwona, mfupi kuliko yule wa ukutani, amepinda, na mzuri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia lini? Nikirudi umelala. Ukirudi nimelala." Alitazama juu ya kichwa chake, kwenye kamba za ukutani. "Halafu ulileta ile baiskeli. Ulikuwa umemuundia yule msichana. Nikasema, acha, nitamsukumia baiskeli yake."

Kipimo alifunga fundo la kwanza. Vidole vilikuwa vinamsaliti, akalifungua, akalifunga tena. "Kuinua mguu kupita bomba la juu?"

"Siwezi. Nikijaribu naanguka nayo. Nilianguka siku ya kwanza."

"Pedali ya kushoto?"

"Siifikii vizuri. Ikiwa chini kabisa inaniponyoka."

"Mgongo?"

"Mgongo usiuulize."

Alipima kila kitu. Kushoto peke yake na kulia peke yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, hata kamba ikawa na mafundo kila upande. Alipofika begani mkewe alicheka ghafla.

"Nini?"

"Mikono yako bado inatetemeka. Shangazi angekuwepo angekukoholea."

"Ni ganzi," alisema Kipimo.

"Najua ni ganzi," mkewe alisema. "Nami najua yako. Unadhani ni nani anayekufungia vifungo vya shati asubuhi na kujifanya ana haraka?"

Kukata fremu nzima, iliyopakwa rangi, ni dhambi ndogo katika kazi hii. Siku iliyofuata aliifunga kwenye jiliwa, akashika msumeno wa chuma na kuliondoa bomba la juu lililokuwa linalia kama kengele. Mahali pake aliweka bomba alilolikunja kwa mchanga na moto, likashuka kutoka shingoni hadi karibu na pedali, ili mtu apite katikati kama anayevuka kizingiti. Kwa kuwa fremu iliyofunguliwa hivyo hulegea, aliongeza kibomba cha pili chembamba sambamba nalo, na kingine cha kuvuta nyuma. Usukani akaupandisha. Siti akaishusha. Kwenye pedali ya kushoto alipigilia vipande vya tairi kuukuu, kimoja juu ya kingine, upana wa vidole viwili. Akavisugua kwa msasa hadi buti likashika. Kwa rangi hapakuwa na muda. Baiskeli ilibaki kijani mwilini na nyeusi ya moto mahali pa makovu.

Bwana Bati alipoiona alivua kofia. "Umeichinja!"

"Nimeipima," alisema Kipimo.

Asubuhi ya mwisho wa mwezi alimsindikiza hadi mwisho wa lami. Kulikuwa na baridi. Mkewe alipitisha mguu wa kulia katikati ya fremu, bila kuruka, akakaa, akaweka buti la kushoto juu ya mpira. Akayumba. Akayumba tena. Halafu kokoto zikaanza kusagika chini ya tairi, sauti moja isiyokatika, na mgongo wake ukawa mdogo, ukapotea kilimani.

Kipimo alirudi kazini. Akachomelea nondo moja ya dirisha mahali pasipo pake, akaing'oa. Gari la mkuu wa maji lilipita likirusha vumbi. Jua lilipokuwa linaelekea utosini alishindwa kuvumilia, akafunga mlango. "Nenda, shemeji," mshonaji alisema bila kuinua macho, "hapa unaniharibia hewa tu."

Alitembea ameinamisha kichwa. Alama za tairi zilikuwapo, meno ya mraba, moja ndani ya nyingine. Pembeni hapakuwa na kitu. Alitembea tambarare nzima, pembeni hapakuwa na kitu. Kilimani, katikati ya mpando, nyayo zilianza: hatua, mkwaruzo, hatua. Akaongeza mwendo. Zilikwenda hadi kwenye jiwe kubwa, na pale ilionekana kwamba mtu aliketi. Kisha tairi peke yake tena. Akakaa juu ya jiwe hilo hilo. Macho yalimwasha, na hakujua ni vumbi au ni nini.

Jua lilipokwisha pita utosini, mkewe alitokea kileleni akishuka, breki zikilia, ameinama kidogo upande wa kushoto kama anayesikiliza siri. Alifunga breki mbele yake. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Jua?" aliuliza Kipimo.

"Lilikuwa hapa." Aligusa sikio. "Bado kidogo lifike utosini. Mkuu alikuwa anakula ndizi. Alitazama baiskeli kwanza, akanitazama mimi. Mguu ameuona, si kipofu."

"Akasema?"

"Akasema tuendelee. Mvua zikija tutaongea upya." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Mvua zikija nitakuwa nimechoka kweli. Labda nitautaka huo ufunguo mwenyewe. Lakini niutake mimi."

"Na baiskeli?"

"Siti yako ni mbaya kama deni. Kesho uitazame."

"Nitaitazama. Shuka nikusukumie."

"Nishuke niende wapi?"

"Basi nipe niendeshe, wewe ukae kwenye keria."

Alijaribu kupanda. Magoti yalimfika kidevuni, usukani ukamgonga kifuani, mguu wa kushoto ukakwama juu ya mipira. Mkewe alicheka hadi akashika jiwe. "Toka huko. Hiyo ina mwenyewe."

Akapanda yeye, akaiacha ishuke taratibu, vidole kwenye breki. Kipimo alitembea kando, mkono juu ya keria, si kusukuma wala kuzuia. Nyuma yao, kwenye vumbi laini, alama za tairi zilikwenda na nyayo pembeni, viatu vya mwanamume, na mara kwa mara hatua yake ilikuwa fupi, akijaribu kulingana na mwendo wa mkewe.